Mji Unaowavuta Mafundi

Somo: Matendo ya Mitume 18:1–3



Katika somo letu twamwona mtu mmoja na mkewe, Akila na Prisila, wamefika Korintho na vyombo vyao vya kazi. Hawakuhama kwa kupenda. Kaisari Klaudio alikuwa ameamuru Wayahudi wote watoke Rumi, nao wakafunga mizigo, wakaondoka. Kazi yao ilikuwa kushona mahema. Paulo alipofika mji ule aliwaendea, akakaa nyumbani mwao, maana kazi yake na yao ilikuwa moja. Basi Rumi ikapoteza mafundi wawili, na Korintho ikapata nyumba ambamo mtume wa Bwana alikula, akalala, akafanya kazi. Tena wawili hao hao, walipokuwa Efeso baadaye, ndio waliomfundisha Apolo yale aliyokuwa hajayafahamu vema.

Habari hii twazoea kuisoma upesi, kana kwamba ni mlango tu wa kuingilia katika habari nyingine. Mwezi huu twataka kusimama hapo mlangoni na kuuliza: mtu mwenye ustadi, awe fundi au mwuguzi, mwalimu au tabibu, avutwa na nini hata akae mahali fulani? Na kwa nini huondoka mahali pengine? Swali hili si la serikali peke yake. Ni la kila usharika ulio na shule au zahanati, na sababu ya kuliuliza ni hii.

Wazee wa usharika mmoja walituita. Mwuguzi wa zahanati yao, mama aliyewazalisha wake zao na binti zao kwa miaka sita, alikuwa amehamia mjini, na nafasi yake ilikuwa wazi mwezi wa tano sasa. Mama mmoja mja mzito alikuwa amepakiwa katika pikipiki usiku ili apelekwe hospitali ya mbali, akajifungua njiani. Kwa rehema ya Mungu mama na mtoto walikuwa hai. Wazee walikuwa na uchungu mwingi. “Baba,” wakatuambia, “twaomba mtuhubirie habari za kupenda fedha. Vijana wetu wameshikwa na tamaa. Tukiwasomesha, wanatukimbia.”

Siku ile hatukuhubiri neno hilo. Tulimwandikia kwanza yule mama, naye akatujibu kwa barua fupi isiyo na tukano hata moja. Alisema ya kuwa mshahara ulikuwa mdogo tangu siku ya kwanza, naye aliukubali akiujua. Paa la nyumba yake lilivuja masika matatu. Alihamisha kitanda, akanyamaza. Lakini siku moja dawa zilionekana kupungua kabatini, naye akatajwa jina mbele ya watu wote baada ya ibada, kabla hajaulizwa neno lo lote. Baada ya majuma mawili ikajulikana ya kuwa dawa zile hazikupotea. Ziliandikwa katika daftari lingine. Alikuwa ameshitakiwa mbele ya watu wote, lakini wa kumsafisha mbele ya watu wote hakutokea. “Tangu siku ile,” aliandika, “kila mama aliponipa mtoto wake nimshike, nilikuwa naitazama mikono yangu.”

Barua ile tumeiweka mezani petu, na kando yake twaiweka habari ya kale ya nchi ya mbali, kwa kuwa zote mbili zafundisha neno moja.

Katika Ufaransa walikuwako Waprotestanti wengi walioitwa Wahugenoti. Mwaka 1598 mfalme Henri wa Nne aliwapa, kwa amri iliyotolewa mjini Nantes, ruhusa ya kuabudu na haki za raia. Wengi wao walikuwa watu wa ustadi: wafumaji wa hariri na wa sufu, watengenezaji wa kofia na wa saa, wafua dhahabu, wachapaji wa vitabu, matabibu na wafanya biashara. Mjukuu wa mfalme yule, Louis wa Kumi na Nne, aliwabana mwaka baada ya mwaka. Aliweka askari katika nyumba zao, wale chakula chao na kuwatesa mpaka waikane imani yao. Hata Oktoba 1685 akaifuta kabisa amri ya babu yake. Makanisa yao yakabomolewa. Wachungaji wakaamriwa watoke nchini kwa muda wa siku kumi na tano. Lakini watu wengine wote wakakatazwa kutoka, na mwanamume aliyekamatwa akitoroka alipelekwa kupiga makasia katika merikebu za mfalme, amefungwa minyororo. Yaani mfalme alijua thamani ya mikono yao. Alitaka kuizuia mikono huku akiivunja mioyo, na jambo hilo haliwezekani. Watu 150,000 au zaidi walitoroka, wengine kwa miguu usiku, wengine wamefichwa katika mapipa ndani ya merikebu.

Majuma machache tu baadaye, mtawala wa Brandenburg katika nchi za Wajerumani, jina lake Friedrich Wilhelm, akatoa amri yake huko Potsdam. Nchi yake ilikuwa maskini, yenye udongo wa mchanga, nayo ilikuwa imeharibiwa na vita ya miaka thelathini, tangu 1618 hata 1648. Katika wilaya nyingine zaidi ya nusu ya watu walikuwa wamekufa au wametawanyika. Berlin, mji wake mkubwa, baada ya vita ile ulibaki na watu kama 6,000 tu. Basi fundi wa hariri aliyezaliwa penye jua la kusini ya Ufaransa atafuata nini huko? Uholanzi ulikuwa na mali zaidi, na London ulikuwa mji mkubwa zaidi, na kwa kweli wengi walikwenda huko. Hata hivyo watu wapata 20,000 waliijia nchi ile ya mchanga. Na ilipofika mwaka 1700, karibu mtu mmoja katika kila watu watano mjini Berlin alikuwa Mfaransa.

Walivutwa na nini? Amri yenyewe yatujibu. Tuitazame kama mtu aitazamavyo barua ya mwaliko.

Kwanza, mwaliko ule uliwafikia njiani. Amri iliandikwa kwa Kijerumani na kwa Kifaransa pia, ili mgeni aisome kwa lugha yake. Watu wa mtawala wakawekwa Amsterdam, Hamburg na Frankfurt, wawapokee wakimbizi, wawape chakula na chombo cha kusafiria. Mtawala hakusema tu ya kuwa mlango u wazi; alimfikiri mtu asiye na nauli ya kuufikia mlango. Hata Sulemani alipotaka kupamba hekalu, hakungoja. Twasoma katika 1 Wafalme 7 ya kuwa alituma watu mpaka Tiro kumleta Hiramu, fundi wa shaba, ambaye mamaye alikuwa mjane wa kabila ya Naftali. Je, sisi tumepata kutuma mtu kumwita kijana wetu aliyemaliza masomo? Au twamngoja aje mwenyewe kuomba, kisha tumwambie arudi juma lijalo, kwa sababu mwenye ufunguo hayupo?

Pili, walipewa mahali pa kukaa na nafasi ya kufanya kazi. Nyumba zilizoachwa tupu tangu vita zilitolewa ziwe mali yao, pamoja na mbao, mawe na chokaa ya kuzitengeneza. Wakasamehewe kodi kwa miaka kadhaa mpaka wapate kusimama. Tena wakaingizwa katika vyama vya mafundi pasipo kulipa ada. Neno hili la mwisho lilikuwa kubwa, maana vyama vile vilishika njia zote za kazi mjini, na mgeni hakupita ila kwa taabu. Hapo ndipo manung'uniko yalipotokea. Wenyeji walisema wageni wanawanyang'anya mkate, wanapandisha bei ya nyumba, wana desturi za ajabu. Tena tusifiche: wenyeji wale wengi wao walikuwa Walutheri, watu wa ungamo letu, na wageni walikuwa wa ungamo la Calvin, wengine wakaifanya tofauti hiyo kuwa sababu ya kuwafungia mlango ndugu waliofukuzwa kwa ajili ya Injili. Twaisoma habari hii kwa haya. Fundi hukimbizwa na wivu upesi kuliko na njaa. Mwalimu anayefundisha vizuri na kuchekwa kwa sababu afundisha vizuri, seremala ambaye kazi yake nzuri yamletea maadui badala ya wanafunzi, hao wamekwisha kuanza kufunga mizigo moyoni.

Tatu, waliahidiwa haki. Ugomvi kati ya Wafaransa wenyewe uliamuliwa na watu waliochaguliwa kati yao. Na kama Mfaransa ameshitakiana na mwenyeji, hakimu wa mji hakuamua peke yake, bali pamoja na mtu ambaye Wafaransa walimchagua. Fikirini maana yake. Mgeni alijua ya kuwa siku atakaposhitakiwa, atakuwapo barazani mtu mmoja wa kusikiliza upande wake. Hapo twaikumbuka tena barua ya yule mama. Paa lililovuja hakulihesabu kuwa kosa la kumwondoa. Baraza lisilouliza ndilo lililomwondoa.

Nne, walipewa mahali pa kuabudu na mahali pa kuwafundisha watoto wao. Katika kila mji walipokaa, mtawala aliahidi kumlipa mchungaji atakayewahubiri kwa Kifaransa. Mwaka 1689 shule ya Wafaransa ikafunguliwa Berlin, nayo ipo mpaka leo, na Kifaransa chafundishiwa humo hata sasa. Tangu 1701 hata 1705 wakajenga kanisa lao katika mtaa wa Friedrichstadt. Mtu aweza kufanya kazi mwaka mmoja mahali po pote kwa ajili ya fedha. Lakini aonapo madhabahu na shule ya mwanawe, huanza kupanda miti. Na hivyo ndivyo walivyofanya kweli: wengi wao walikuwa watunza bustani, wakapanda mboga na matunda katika mchanga ule ule uliodharauliwa.

Basi na Ufaransa je? Mwaka 1689, yaani miaka minne tu baada ya kufukuzwa kwao, jemadari Vauban, mjenzi mkuu wa ngome za mfalme, aliandika waraka wa kushauri Wahugenoti waitwe warudi. Yeye mwenyewe alikuwa Mkatoliki, mtumishi mwaminifu wa Louis. Akahesabu hasara: watu 80,000 au 100,000 kwa makisio yake, mabaharia 9,000 walio bora katika ufalme, askari kwa maelfu, na mafundi waliochukua ustadi wao kwa wageni. Mfalme hakumsikiliza. Kumfukuza fundi ni kazi ya siku moja, bali kumfanya fundi mwingine ni kazi ya miaka ishirini.

Tusimfanye mtawala wa Brandenburg kuwa malaika. Aliwahurumia watu wa imani yake, lakini pia alitaka walipa kodi, wafumaji na askari wa kuijaza nchi yake tupu. Wala si kila karakana iliyoanzishwa kwa fedha yake iliyodumu. Nyingine zilikufa msaada ulipokoma. Lakini hata mtawala mwenye hesabu zake alifahamu jambo ambalo sisi wenye Neno la Mungu twalisahau: ya kuwa ustadi hauji peke yake. Huja na mtu, naye mtu ana mke, ana watoto, ana jina lake, ana Mungu wake. Nebukadreza naye alitaka mafundi. Katika 2 Wafalme 24 twasoma ya kuwa aliwachukua mafundi na wafua chuma elfu moja kutoka Yerusalemu mpaka Babeli. Yeye aliwakokota kwa nguvu, hawakuvutwa. Na mtu aliyekokotwa huwa na macho yake njiani siku zote.

Labda mmoja wenu atasema: “Maneno mengi hayo! Mshahara ndio neno lote.” Hatusemi ya kuwa mshahara ni neno dogo. Bwana wetu mwenyewe alifundisha ya kuwa mtenda kazi anastahili ujira wake, na Yakobo aonya ya kuwa ujira uliozuiliwa hulia, na kilio chake humfikia Bwana. Usharika unaomcheleweshea mwalimu mshahara wa miezi mitatu, kisha ukamhubiria uvumilivu, unafanya dhambi mbili. Lakini mshahara ni kama chumvi katika chakula. Pasipo chumvi chakula hakiliki. Wala hakuna ashibaye chumvi.

Jambo hili si dogo katika nchi yetu. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwaka 2023 orodha ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, Tanzania ilikuwamo. Miji na nchi tajiri zawaita watu wetu, na mara nyingi hatuwezi kushindana nazo kwa fedha. Lakini Brandenburg nayo haikuweza kuishinda Uholanzi kwa fedha. Nyumba isiyovuja, shukrani isemwayo kwa sauti, baraza linalouliza kabla ya kuhukumu, mtoto wa mgeni anayepokewa shuleni kama mtoto wa mwenyeji: mambo haya hayahitaji hazina ya mfalme.

Tuliwarudia wale wazee, tukawasomea barua, kwa ruhusa ya mwenye kuiandika. Walikaa kimya muda mrefu. Kisha mzee mmoja, aliye mkubwa kwao wote, akasema, “Basi ni sisi tuliomfukuza.” Jumapili iliyofuata akasimama mahali pale pale aliposhitakiwa yule mama, akatangaza ya kuwa hakuiba, na ya kuwa baraza lilimkosea. Wakamwandikia kuomba msamaha. Naye akawasamehe, lakini hakurudi. Mtoto wake alikuwa amekwisha kuingia shule ya mjini, na kazi mpya ilikuwa imemshika. Wazee walihuzunika. Twaliandika jambo hili kama lilivyokuwa, ili tujue ya kuwa toba husafisha dhambi, lakini hairudishi kila kitu mahali pake. Kisha wakapanda juu ya nyumba ile tupu, wakaezeka paa jipya, kabla hawajapata mtu wa kukaa chini yake. Mwuguzi aliyeko huko leo alipofika alikuta ufunguo umeshikwa na mzee yule yule, aliyekuwa akimngoja kituoni.

Sasa twasema neno moja kwenu ninyi mlio na ustadi. Karama yenu si mali yenu peke yenu. Kutoka 35 yatuambia ya kuwa Mungu alimjaza Bezaleli akili ya kila kazi, kisha akamtia yeye na Oholiabu moyo wa kufundisha wengine. Fundi asiyemfundisha mtu hana ila nusu ya karama. Na Yeremia katika sura ya 29 aliwaandikia wale wale waliochukuliwa Babeli wajenge nyumba, wapande bustani, na kuuombea heri mji waliomo, hata kama ni mji wa kigeni. Ukihama, hama kwa amani, wala usiitukane nchi iliyokulea. Ukikaa mjini, wakumbuke walio kijijini, uwarudie mara kwa mara kuwafundisha. Na ukiitwa na Mungu kukaa penye shida, jua ya kuwa wapo waliokaa hivyo kabla yako, nao hawakuona haya mwishoni. Lakini wito huo Mungu ndiye autoaye. Mtu anayelala chini ya paa zima asimhubirie aliye chini ya paa linalovuja ya kuwa mvua ni neema.

Basi, wazee na walimu, mkutanapo mwezi huu, msianze kwa kuuliza nani ametukimbia. Anzeni kwa kuuliza yupo nani kwetu mwenye mikono ya ustadi, naye analala wapi, amelipwa lini, watoto wake wanasoma wapi, na ni nani aliyemwambia asante mwaka huu. Na kama yuko mtu mliyemshitaki mbele ya wengi mkamsafisha kwa siri, mrudieni mbele ya wengi. Paulo alipoingia Korintho, mji wenye maovu mengi, alikuta humo mlango mmoja uliofunguliwa na washona mahema waliofukuzwa kwao. Waliofukuzwa walijua jinsi ya kupokea. Nasi, ambao Kristo alitupokea tulipokuwa wageni, hatuna udhuru.

Ee Bwana Yesu, uliyefanya kazi ya mikono katika Nazareti, uwabariki mafundi, wauguzi na walimu wetu. Utusamehe kwa wale tuliowaondoa kwa ulimi wetu. Uzifanye sharika zetu kuwa mahali ambapo mtu hupenda kukaa, kwa sababu wewe umekaa humo kwanza. Amina.